Kihariri cha Muhtasari kwa Waprogramu: Mwongozo Kamili, Kuanzia Faili la Kwanza Hadi Mtumiaji wa Kwanza

Karibu kila anayeniomba msaada wa kujenga kihariri cha muhtasari, yaani programu ya kuandikia msimbo inayoupanga kama mti wa vichwa na matawi, huniletea kitu kilekile: dirisha zuri, mti upande wa kushoto, msimbo upande wa kulia, matawi yanafunguka na kujifunga bila shida. Kisha anasikitika kwamba amekitangaza kila mahali na hakuna aliyekitumia zaidi ya siku moja. Huwa namuuliza swali moja: mwenzako akibadilisha faili nje ya kihariri chako, mti unafanya nini? Hapo ndipo mazungumzo hukatika.

Kilichokosewa ni utaratibu wa kazi. Mprogramu hakabidhi msimbo wake kwa chombo asichokiamini, na imani hiyo hujengwa kwenye namna faili linavyosomwa na kuandikwa, sehemu ambayo wengi huiacha mpaka mwisho. Hapa tunaanza na faili, dirisha linafuata, matangazo yanakuja baadaye. Ukiruka hatua ya 3, ya 4 na ya 5, zilizobaki hazitakusaidia.

## Vitu vya kuandaa

- Python 3.8 au toleo jipya zaidi. Mifano yote humu ni ya Python, ingawa mawazo yenyewe yanafaa lugha yoyote.
- Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo.
- Maktaba ya kuchora dirisha: tkinter au PySide6. Usiifungue kabla ya hatua ya 6.
- Nakala ya folda ya maktaba ya kawaida inayokuja na Python. Hiyo ndiyo shamba lako la majaribio. Fanyia kazi nakala, usiguse folda yenyewe.
- Mradi mmoja wa Git unaobadilishwa na watu zaidi ya mmoja.
- Kompyuta ya pili, au mashine pepe, isiyo na programu yako yoyote.
- Waprogramu watano walio tayari kukaa nawe nusu saa kila mmoja.

## Hatua ya 1: Amua mti utakaa wapi

Mti wa muhtasari una vichwa, mpangilio na maelezo ambavyo havimo kwenye msimbo. Lazima vihifadhiwe mahali, na kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kutohifadhi chochote: mti unakokotolewa upya kila mara kutoka kwenye fanksheni na klasi zilizomo. Ni rahisi, lakini vihariri vingi tayari vina kidirisha cha namna hiyo, kwa hiyo hutakuwa umeongeza kitu.

Ya pili ni kupachika alama ndani ya faili kama maoni, mstari mmoja mwanzoni mwa kila nodi, yaani kila kipande cha mti chenye kichwa chake. Kihariri kiitwacho Leo kinaiwezesha, na faida yake ni uhakika: alama zikiwepo, mipaka ya nodi haipotei kamwe.

Ya tatu ni kuuweka mti kwenye faili lake la pembeni na kuacha msimbo ulivyo, bila alama hata moja. Ukifungua tena, kihariri kinalinganisha kilichokuwepo na kilichopo kisha kinairudisha mipaka mahali pake. Kile kihariri kiitwacho Leo kinayo njia hii pia.

Ushauri wangu ni njia ya tatu tangu siku ya kwanza, ingawa ndiyo ngumu kuliko zote. Sababu yake haihusu ufundi. Mtu anayefanya kazi na wenzake hawezi kujaribu kihariri kinachoacha alama kwenye mafaili ya timu nzima. Itabidi kwanza awashawishi wote. Kihariri kisichoacha alama anaweza kukijaribu leo mchana, peke yake, kwenye mradi wa kweli, bila kuomba ruhusa. Uamuzi huu mmoja utakusaidia zaidi kuliko tangazo lolote utakaloandika.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja mti unahifadhiwa wapi na kwa nini.

## Hatua ya 2: Jenga nodi kabla ya dirisha

Nodi inahitaji vitu vinne: kitambulisho, kichwa, maandishi, na orodha ya vitambulisho vya watoto wake. Kitambulisho kiwe cha kudumu. Moduli ya `uuid` inatosha. Usitambue nodi kwa nafasi yake kwenye mti, maana mtumiaji akisogeza tawi moja, nafasi zote zilizo chini yake zinabadilika, na kila kilichokuwa kikizitegemea kinaelekeza mahali pasipo sahihi.

Kwa kuwa watoto ni vitambulisho tu, nodi moja inaweza kuonekana sehemu mbili au kumi bila kunakiliwa. Hapa ndipo muhtasari unapoizidi folda. Mtu anayefukuza hitilafu anakusanya fanksheni sita kutoka mafaili manne chini ya kichwa kimoja, "Kwa nini malipo yanarudiwa", anazisoma mfululizo na kuzirekebisha hapohapo. Mabadiliko yanaonekana kila mahali nodi hiyo ilipo.

Tenganisha aina mbili za matawi mapema. Tawi la faili linafuata mpangilio wa faili: ukisogeza nodi humo, msimbo nao unasogea. Tawi la mtazamo ni la kukusanyia nodi tu: ukisogeza nodi humo, hakuna faili linaloguswa. Ukizichanganya, mtu atapanga upya mtazamo wake jioni na kukuta asubuhi programu haiendeshwi.

Tahadhari: usiruhusu nodi iwekwe chini ya kizazi chake yenyewe. Kabla ya kuunganisha, pita kwenye vizazi vyote vya nodi inayohamishwa. Mzazi mpya akiwamo, kataa. Bila ukaguzi huu mti unakuwa duara, na kihariri kinaganda siku hiyohiyo.

## Hatua ya 3: Soma, gawa, unganisha, usipoteze hata baiti moja

Sheria ni fupi: ukigawa faili kuwa nodi kisha ukaunganisha maandishi ya nodi zote kwa mpangilio wake, upate faili lilelile, baiti kwa baiti. Kusema linafanana machoni hakutoshi. Mtumiaji akifungua faili na kulihifadhi bila kubadilisha chochote, halafu Git ikamwonyesha mistari 900 iliyobadilika, amekufuta kwenye kompyuta yake kabla ya chakula cha jioni.

Ili kuikidhi sheria hiyo, fanya yafuatayo.

Fungua faili kama baiti, kwa hali ya `"rb"`. Hali ya kawaida ya maandishi kwenye Python hugeuza miisho ya mistari ya Windows kimyakimya, na ukihifadhi umebadilisha faili zima.

Gawa mistari kwa `splitlines(keepends=True)` juu ya baiti, usiitumie juu ya maandishi. Ikitumika juu ya maandishi, hukata pia kwenye herufi ya kugeuza ukurasa na alama nyingine za Unicode ambazo kichanganuzi cha Python hakizihesabu kama mwisho wa mstari. Namba zako za mistari zinaachana na zake, na kuanzia hapo kila mpaka unakosea.

Tafuta mipaka kwa moduli ya `ast`, inayochanganua muundo wa msimbo. Kila fanksheni na klasi ina `lineno`, namba ya mstari inapoanzia, na tangu Python 3.8 ina `end_lineno` pia, ya mstari inapoishia. Ila pana mtego ambao karibu kila mtu hunaswa nao. Tazama hiki:

```python
@kumbuka_majibu
def tafuta(neno):
    return orodha.get(neno)
```

Tangu toleo hilohilo la 3.8, `lineno` ya fanksheni hii inaelekeza kwenye mstari wa `def`, siyo wa `@kumbuka_majibu`. Ukikata hapo, dekoreta (mstari huo wa `@`) inabaki mkiani mwa nodi iliyotangulia. Mtumiaji akiihamisha `tafuta`, dekoreta inabaki nyuma na kuivaa fanksheni inayofuata. Programu itaendeshwa bila kulalamika, ikitoa majibu yasiyo sahihi. Kwa hiyo anza kukata kwenye `lineno` ndogo kuliko zote ndani ya `decorator_list`. Kisha panda juu zaidi na uchukue maoni yaliyogusana na fanksheni bila mstari mtupu kati yao. Aliyeyaandika aliyakusudia kwa fanksheni hiyo.

Faili lisilochanganulika libaki nodi moja nzima. Usilikatae wala usijaribu kubahatisha. Watu hufungua msimbo wenye makosa kila saa, ndiyo kazi yenyewe.

Kwa lugha nyingine, Tree-sitter, maktaba ya kuchanganua msimbo, inafanya kazi hii vizuri na inatoa nafasi kwa baiti. Lakini kamilisha lugha moja kwanza.

Utajua umefaulu pale jaribio litakapopita kwenye kila faili la nakala yako ya maktaba ya kawaida, likigawa na kuunganisha, bila tofauti hata moja. Mafaili mengine humo yana makosa ya makusudi kwa ajili ya majaribio ya Python yenyewe. Ni mazuri sana kwako, yaache yawemo.

## Hatua ya 4: Faili likibadilishwa nje

Hii ndiyo hatua inayoua vihariri vingi vya aina hii. Isome polepole.

Chukua faili lenye nodi tatu: "Kusoma ombi", "Kukagua ombi", "Kuandika jibu". Mwenzako ameongeza mistari 12 kati ya ya pili na ya tatu, nawe umevuta mabadiliko kwa Git. Kihariri kinafungua na kukuta faili si lile kinalolijua. Kifanye nini?

Faili ndilo lenye neno la mwisho, daima. Mti unajirekebisha kulifuata faili. Faili halirekebishwi kuufuata mti. Kwa sababu hiyo, faili la pembeni la muhtasari lihifadhi pia nakala ya maandishi ya kila nodi kama yalivyoonekana mara ya mwisho. Unalinganisha mistari ile ya zamani na mipya:

```python
m = difflib.SequenceMatcher(None, ya_zamani, mipya, autojunk=False)
```

Usisahau `autojunk=False`. Bila hiyo, orodha ikifika vipengele 200, mstari unaojirudia zaidi ya asilimia 1 hupuuzwa kama takataka katika kutafuta mfanano. Kwenye msimbo, mistari mitupu na `return None` hujirudia mno, na ulinganisho unayumba kwenye mafaili makubwa hasa, yale ambayo mtumiaji anayahangaikia zaidi.

Mistari iliyolingana inabaki kwenye nodi zake. Mistari mipya iliyoangukia mpakani iende kwa nodi iliyotangulia, hapa "Kukagua ombi", na ipakwe rangi mpaka mtumiaji aikubali au aitenge kuwa nodi mpya. Nodi iliyopoteza mistari yake yote isifutwe. Ibaki na kichwa chake, tupu. Vichwa na maelezo ni kazi ya mikono ya mtumiaji, na huna haki ya kuvitupa kwa sababu mwenzake amefuta fanksheni.

Baada ya hapo pitia mara ya pili. Fanksheni iliyohamishwa ndani ya faili huonekana kama imefutwa pale na kuzaliwa hapa. Ikiwa maandishi ya nodi iliyobaki tupu yamo yote, mfululizo, ndani ya mistari mipya, irudishie nodi hiyo mistari yake.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba hata ulinganisho ukikosea, kinachokosewa ni mahali pa mpaka tu. Maandishi yote bado yamo na yakiunganishwa yanatoa faili lilelile. Mwandikie mtumiaji jambo hili waziwazi kwenye maelezo yako. Ni ahadi ambayo vihariri vichache vinaweza kuitoa.

Faili la pembeni liite, kwa mfano, `.muhtasari.json`, na jina lake liandikwe ndani ya `.git/info/exclude`. Huko Git husoma mafaili ya kupuuza, lakini tofauti na `.gitignore`, orodha hiyo haisambazwi kwa timu ya mtumiaji, kwa hiyo hata alama ya kwamba anatumia kihariri chako haionekani.

Utajua umefaulu ukirudi nyuma matoleo 50 kwenye mradi wako wa Git, ukafungua, kisha ukapanda toleo moja baada ya jingine, na vichwa bado vimekaa juu ya fanksheni zake.

## Hatua ya 5: Andika kwa usalama

Usiandike juu ya faili la zamani moja kwa moja. Umeme ukikatika katikati, umebaki na nusu faili. Andika pembeni, kisha badilisha kwa mkupuo:

```python
def andika_salama(njia, baiti):
    njia = os.path.realpath(njia)
    muda = njia + ".muda"
    with open(muda, "wb") as f:
        f.write(baiti)
        f.flush()
        os.fsync(f.fileno())
    if os.path.exists(njia):
        shutil.copymode(njia, muda)
    os.replace(muda, njia)
```

`realpath` imo kwa sababu `os.replace` juu ya kiungo hukifuta kiungo chenyewe na kuacha faili halisi bila mabadiliko. `copymode` imo kwa sababu bila hiyo hati inayoendeshwa hupoteza ruhusa yake ya kuendeshwa. Kwenye Windows, ubadilishaji unaweza kukataliwa kama programu nyingine imelishikilia faili; lipokee kosa hilo, mwambie mtumiaji, na usifute nakala ya muda.

Kabla ya kuandika, soma faili tena na ulinganishe hashi yake (alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye baiti zake) na ile ya mara ya mwisho. Zikitofautiana, rudi hatua ya 4. Usiandike.

Utajua umefaulu ukiiua programu katikati ya kuhifadhi mara 100 na kila mara ukalikuta faili likiwa la zamani zima au jipya zima.

## Hatua ya 6: Sasa dirisha

Hapa sitakaa sana, kwa sababu wengi wenu mnaiweza. tkinter huja na Python katika usakinishaji mwingi, na `ttk.Treeview` inatosha kwa toleo la kwanza. Ukichagua Qt, maktaba iliyo nyuma ya PySide6 na PyQt6, angalia leseni kabla ya kuandika mstari wa kwanza: PyQt6 inatolewa kwa GPL (inaelezwa kwenye hatua ya 7) au kwa leseni ya kulipia, wakati PySide6 inapatikana kwa LGPL, yenye masharti mepesi zaidi. Uchaguzi huo unagusa leseni utakayoiweka kwenye hatua ya 7.

Mambo mawili usiyalegeze. La kwanza, kila kitendo cha mti kiwe na vibonye vyake vya kibodi: panda, shuka, ingiza ndani, toa nje, gawa nodi hapa. Mprogramu akilazimika kushika kipanya ili asogeze tawi, atachoka. La pili, kutengua kuwe na mlolongo mmoja kwa mti na maandishi pamoja. Mtu akiandika neno, akahamisha tawi, akafuta mstari, anatarajia kutengua mara tatu kurudi alikotoka.

## Hatua ya 7: Kifungue kwa wote

Weka faili la LICENSE siku ileile unayoweka msimbo hadharani. Msimbo ulio hadharani bila leseni haumpi mtu ruhusa ya kuutumia wala kuusambaza, na walio makini miongoni mwa wasomaji wako wataondoka. MIT ni fupi na haina masharti mengi, Apache 2.0 inaongeza kipengele cha hataza. GPL inamtaka anayesambaza toleo lililobadilishwa atoe msimbo wake kwa masharti yaleyale. Kwa kihariri, yoyote kati ya hizo inafaa, mradi ilingane na maktaba ulizotumia.

Toa toleo 0.1.0 kupitia PyPI, hazina ya vifurushi vya Python, ili lisakinishwe kwa amri moja. Kisha nenda kwenye ile kompyuta tupu na ufuate maelezo yako mwenyewe neno kwa neno. Kila mahali utakapojikuta unafanya jambo ambalo hukuliandika, liandike.

## Hatua ya 8: Kifikishe kwa watu

Anza na wale watano. Mpe kila mmoja kihariri na faili lake mwenyewe, gumu, la kazini. Kaa kando, usiseme kitu. Kunyamaza ni kugumu, hasa unapoona mtu anatafuta kitufe kilicho mbele ya macho yake. Nyamaza hivyohivyo na uandike wapi amekwama. Rekebisha hayo kabla ya kumtangazia mtu wa sita.

Halafu andaa video ya sekunde 30, isiyo na sauti. Fungua faili la mistari 3,000 ambalo hakuna mtu anayelipenda. Onyesha linavyogeuka mti. Kusanya fanksheni nne chini ya kichwa kimoja, rekebisha, hifadhi. Mwisho uwe `git diff`, amri ya kuonyesha kilichobadilika, ikionyesha mistari miwili tu. Sekunde hizo tano za mwisho ndizo zinazouza. Waprogramu wamezoea kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hapo unafungua gunia.

Video hiyo ikae juu kabisa ya README, faili la maelezo ya mradi, chini yake sentensi moja ya kazi, kisha amri ya kusakinisha. Epuka "kihariri bora" na "kitabadilisha maisha yako". Andika: "Panga msimbo wako kama mti bila kugusa mafaili ya wenzako." Na uwe muungwana kwa waliotangulia: anayeishi ndani ya kihariri cha Emacs tayari ana Org-mode, zana yake ya muhtasari, na mwambie hivyo. Anayeona unasema ukweli kuhusu wengine atakusadiki unapojisemea.

Ukipeleka kwenye Show HN, sehemu ya tovuti ya Hacker News ya kuonyesha kazi zenu, au kwenye mikutano ya waprogramu, hakikisha kitu kinajaribika siku hiyohiyo, na tenga saa kadhaa za kujibu maswali. Usiwaombe rafiki zako wakupigie kura. Sheria za Show HN zinakataza.

## Hatua ya 9: Ripoti ya kwanza ya faili lililoharibika

Itakuja. Ikija, acha kila kitu kingine, hata kipengele kipya ulichokuwa unakikamilisha.

Mshukuru aliyeripoti. Muombe faili lenyewe, au sehemu ndogo inayoonyesha kosa kama lenyewe ni la siri. Liingize kwenye majaribio ya hatua ya 3 au ya 4 na ulione likishindwa kabla ya kugusa msimbo. Rekebisha, toa 0.1.1, na kwenye orodha ya mabadiliko andika bila kuficha: faili la aina gani liliharibika, katika matoleo yapi, na mtu aliyeathirika afanye nini kulirudisha. Kisha mwandikie yule mtu, mwambie toleo limetoka, na muulize kama angependa kuandika jaribio linalofuata mwenyewe.